Vani Kuukuu na Kelele za Njia

Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine mtaliona halina makao katika ukurasa wa familia, nalo ni kelele za gari. Lakini familia nyingi za pwani yetu zina gari moja tu, na gari hilo aghalabu ni vani kuukuu iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Ndani yake ndimo tunamopelekana harusini, matangani, hospitalini na shuleni. Wanaokaa humo saa nyingi zaidi ni kina mama waliopakata watoto, ilhali sisi wanaume, tukishauliza kama mafuta yametiwa, huona tumemaliza wajibu.

Vani yetu ni Toyota HiAce ya lile umbo lililoanza kuundwa Japani mwaka 1989, likaachwa huko mwaka 2004 lilipotoka umbo jipya. Mafundi wa hapa huliita Shark. Kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika likiwa limepita miaka 8 tangu kuundwa, HiAce za namna hiyo tunazoziona barabarani leo zimekwisha kukaa nasi muda mrefu. Zimekula chumvi ya bahari, zimeangukia kila shimo la barabara, na viti vyake vimeshonwa na kushonwa tena.

Habari yenyewe ilianza kwa shangazi yetu. Umri wake umepita miaka 70, na tulikuwa na ada ya kumpeleka Malindi kila mwezi kumzuru dada yake, safari ya kilomita 120 hivi kutoka Mombasa. Shangazi ni mtu wa maneno. Zamani, gari likishavuka daraja la Nyali tu, huanza kisa cha arusi ya miaka ya sitini na hakimaliziki ila Malindi. Kisha akaanza kutoa udhuru. Mara mguu unamuuma, mara mawingu yamefunga, mara ana mgeni. Tukadhani ni utu uzima. Siku moja akamfunulia mama watoto ukweli, akamwambia, "Mwanangu, ndani ya gari lenu mimi ni kama gunia la nazi. Toka Mtwapa hadi Malindi sisikii neno la mtu. Nyinyi mkicheka, mimi natazama minazi."

Neno hilo lilituingia. Tulikuwa tumezoea kelele zile hata tukaacha kuzisikia. Tulikuwa tukizungumza kwa kupaza sauti na kuona ndiyo kawaida ya safari. Mtu anapozeeka, masikio yake huanza kupoteza zile sauti nyembamba, ambazo ndizo zibebazo herufi kama s, f na t. Irabu huzisikia, lakini herufi zinazolitofautisha neno na neno humpotea. Ukimwambia saa tisa yeye husikia saa sita. Na mngurumo mzito wa injini na magurudumu una tabia ya kuzifunika sauti nyembamba hizo hizo, kwa hiyo mzee hunyimwa mara mbili. Kijana husikia kwa taabu, naye hasikii kabisa, kisha tunamwambia kwamba hajali mazungumzo.

Jambo la pili lilimhusu binti yetu mdogo, mwenye umri wa miaka 8. Yeye hupenda kukaa kiti cha nyuma kabisa ili awe mbali na macho ya wakubwa. Kila safari ndefu alikuwa akishuka na kichwa kinachomuuma, na mara mbili alitapika. Nasi, kama ilivyo desturi, tulisema gari humlevya, akapewa ndimu anuse. Mara ya pili alikuwa ametuita kutoka nyuma tusimame, na hakuna aliyemsikia. Tulisimama Kilifi kwa haja zetu wenyewe, ndipo tukamkuta amejitapikia na amenyamaza kimya, machozi yanamtoka.

Basi tukaazimia kulitengeneza gari, na hapo tukakosea. Tulikwenda kwa mshona viti, akatushonea kava za ngozi ya bandia rangi ya maziwa, akatandika zulia jipya sakafuni, akabandika kitambaa kipya kwenye dari iliyokuwa inaning'inia. Vani ikapendeza. Majirani walikuja kuitazama kama anavyotazamwa bibi arusi, na mama watoto akafukiza udi ndani yake siku mbili. Kisha tukaelekea Malindi. Kelele zilikuwa zimepungua kidogo mno, na binti akashuka na kichwa chake vile vile.

Tulipopata nasaha ya fundi mmoja wa bodi, mtu mzima aliyechomelea magari tangu ujanani, hakuzitazama kava wala zulia. Alitungoja mpaka jua lilipotua, akatuingiza ndani ya vani, akafunga milango yote na kuzima taa, kisha akazunguka nje na tochi yenye mwanga mkali. Tuliokuwa ndani tuliona maajabu. Mwanga ulichungulia kwenye pembe za mlango wa nyuma, ukapita kama uzi mrefu kwenye mlango wa kusukuma, na alipolala chini ya gari na kumulika juu, kingo za zulia jipya karibu na kiti cha nyuma ziling'aa. Palikuwa ni pale pale binti yetu anapoweka miguu. Fundi akatoka chini akijifuta mikono, akasema, "Shekhe, mmemvisha kanzu mpya mtu mwenye kidonda."

Zulia lilipofunuliwa tuliona tundu la kutu lenye ukubwa wa kitumbua, na pembeni mwake vitundu vingine vidogo. Chini yake lilipita bomba la moshi, na kwenye kiungo chake palikuwa na masizi meusi, alama ya kwamba moshi ulikuwa ukitoka hapo kabla haujafika kwenye silensa. Mpira wa mlango wa nyuma nao ulikuwa umekauka na kupasuka.

Hapa tunaomba kina mama wasome kwa makini. Gari lenye umbo la sanduku linapokwenda mbio huacha nyuma yake hewa pungufu inayozunguka, na moshi wa bomba huvutwa humo. Ikiwa mlango wa nyuma hauzibi sawasawa, moshi huingia ndani. Katika moshi wa injini mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshikamana hewa ya oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa hali ya kuwa mtu anapumua. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi, dalili zile zile ambazo sisi huzipa jina la kulewa gari. Injini za dizeli, kama yetu, hutoa gesi hiyo kwa uchache kuliko za petroli, lakini moshi wake una mambo mengine yanayowasha macho na koo. Sisi si matabibu, na hatusemi kila mtoto anayetapika garini amevuta moshi. Tunasema hivi tu: ikiwa wanaoumwa ni wale wa nyuma, au wameumwa zaidi ya mmoja kwa pamoja, na wakishuka wakapunga upepo hupata nafuu, simamisheni gari, tokeni nje wote, na aliyezidiwa afikishwe hospitalini. Kisha gari lisipakie watu mpaka litazamwe chini. Udi haufai kitu hapo. Huficha harufu iliyokuwa ikiwaonya.

Njia ipitishayo moshi hupitisha sauti pia. Fundi alitueleza, na baadaye tukaisoma hesabu yake vitabuni, kwamba ukuta ulio mzito namna gani, ukiwa na uwazi wa sehemu 1 tu katika 100, hauwezi kukupunguzia sauti zaidi ya desibeli 20. Kwa hiyo anayenunua mikeka ya gharama ya kuzuia kelele na hali mipira ya milango imekufa, anaimwaga fedha yake. Desibeli zenyewe zina hesabu ya ajabu kidogo: zikipungua 10, sikio hukadiria kwamba kelele zimeshuka nusu. Kushusha hata 5 au 6 ndani ya vani kuukuu si jambo dogo.

Kabla ya kuziba lolote, fundi alitaka kujua kelele ipi inatoka wapi. Alikanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Mngurumo uliopanda hapo ni wa injini na bomba. Kisha tukapita naye mahali ambapo lami laini inakutana na lami chakavu. Sauti iliyogeuka hapo ni ya magurudumu. Alibandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, juu ya nyufa za milango kwa nje, tukaenda mwendo ule ule, na mluzi uliotoweka tukaujua kuwa ni wa upepo. Kulikuwa na uvumi mwingine uliozidi tukikata kona kushoto na kupungua tukikata kulia. Huo ulikuwa ni beringi ya gurudumu iliyochakaa, na beringi haifunikwi kwa zulia. Ilibadilishwa siku ile ile, kwa kuwa ikivunjika njiani gurudumu laweza kung'oka. Matairi mawili ya nyuma nayo yalikuwa na meno ya kulika visivyo. Yalionekana mazima, lakini tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni zilitufedhehesha. Mathalan tairi lililoandikwa 2317 liliundwa katika juma la 23 la mwaka 2017, na mpira uliozeeka huwa mgumu, na ukiwa mgumu hupiga kelele na kushika barabara kwa udhaifu.

HiAce ina jambo lake peke yake. Injini yake haiko mbele. Imekaa chini ya viti vya dereva na abiria wa mbele, juu yake pana kifuniko cha bati, na ukingoni mwa kifuniko hicho pana mpira. Joto la miaka mingi huukausha mpira huo ukawa kama mbao, na klipu za kukibana kifuniko hulegea. Aliyekaa hapo hukaa juu ya injini hasa. Kubadilisha mpira ule na kukaza klipu kulitupunguzia kelele za mbele kuliko kitu kingine chochote tulichokifanya, na kwa gharama ndogo kuliko zote. Kijana mmoja wa gereji alishauri tushindilie vipande vya godoro chini ya kifuniko, akidai ndivyo wafanyavyo wenye matatu. Tulimshukuru tukakataa. Godoro hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, na pale pana joto, mafuta na nyaya za umeme. Kitu cha kubandika hapo ni kile kilichotengenezwa kustahimili joto la injini, vinginevyo paachwe wazi.

Kazi ya kutu ilichukua siku nyingi. Viti vilitolewa vyote, zulia likaondolewa, betri ikatenganishwa kabla ya kuchomelea, maana cheche moja juu ya sponji inatosha kuliteketeza gari. Bati bovu likakatwa, likatiwa jipya, likapakwa rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Bomba la moshi likatiwa gasketi mpya kwenye kiungo, na ile mipira inayolining'iniza ikabadilishwa, kwani ilikuwa imekatika na bomba likigonga bodi kila shimoni. Tundu zilizopo chini ya milango hatukuziziba, wala nanyi msimruhusu fundi aziziba. Ni njia ya maji ya mvua, na mlango usiotoa maji huoza kuanzia ndani.

Baada ya hayo ndipo tukafika kwenye mikeka ya kutuliza bati. Pigeni bati la ubavu wa vani kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, ndilo linalotetema njiani. Hubandikwa juu yake kipande cha mpira mzito wa butili wenye karatasi ya alumini mgongoni, na mlio wake hugeuka ukawa mfupi na wa kufifia. Si lazima kulifunika bati lote. Robo yake, katikati ya bati ambapo ndipo litetemapo zaidi, inafaa kazi iliyo kubwa, na uzito wa ziada hauna maana kwa kuwa butili ya unene wa milimita 2 hufika kilo 3 hivi kwa mita mraba 1. Kuna ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa lami. Kwa nchi ya baridi pengine inafaa, lakini kwa jua la Mombasa hulainika, hunuka, na ikiwa darini huanguka juu ya vichwa. Butili sharti isukumwe kwa nguvu mpaka ishikamane, na kwa kuwa fundi hakuwa na roda ya kusukumia, kijana wetu aliiba jikoni kigongo cha kusukumia chapati. Mama watoto amekisamehe kijana, kigongo hakukitaka tena.

Dari ndiyo iliyotushangaza. Dari ya vani ni bati pana, tambarare, na mvua ya masika ikilipiga hata dereva na aliye ubavuni mwake hawasikilizani. Vipande vichache vya butili katikati ya mataruma yake vilitosha kuigeuza ngoma ile ikawa mlango wa mbao. Kitambaa kipya tulichokuwa tumekwisha kukilipia ilibidi king'olewe, na nusu yake ilichanika.

Juu ya sakafu tulitandika sponji ngumu ile isiyonywa maji, kisha zulia la plastiki nene. Zulia la manyoya hunyonya sauti vizuri zaidi, hilo tunakiri, lakini sisi ni watu wa mchanga, wa samaki na wa watoto waliotoka kuogelea. Likilowa chini halikauki, na unyevu wa pwani huleta ukungu, kisha kutu hurudi kimya kimya. Shangazi alitaka tutandike mkeka wa ukindu, na kwa kweli unapendeza. Tumeutandika nyuma tu. Mbele kwa dereva hauwekwi, kwa sababu huteleza ukaingia chini ya pedali ya breki.

Kava za viti hazikuharibika, ila tulipozivua tuligundua kwamba mshona viti alikuwa ameshona juu ya mikanda. Ndimi zake zilikuwa zimezikwa chini ya ngozi ya bandia, na tangu siku ile hakuna mtu wa nyuma aliyejifunga, wala sisi wenyewe hatukuona kosa. Tunakumbuka kanuni za mwaka 2004, zile za marehemu waziri John Michuki, zilivyoilazimisha mikanda katika matatu, na jinsi watu walivyonung'unika. Kumbe tuliilipia sisi kwa fedha zetu ifichwe. Mpelekeapo gari kwa mshona viti, mwambieni kabla hajaanza kukata: kila mkanda na kila kifungo kitokeze juu. Na mkipokea gari, kaeni kila kiti mjifunge mmoja mmoja mbele yake.

Katika usafi kina mama wanajua kuliko sisi, kwa hiyo tutafupisha. Ukungu wa mikanda na wa kingo za dari ulitoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, ukapigwa brashi laini na kuachwa juani milango ikiwa wazi. Harufu iliyobaki iliondoka kwa magadi ya kupikia yaliyonyunyizwa usiku kucha na kufagiwa asubuhi. Onyo ni moja, na tunalitilia mkazo: siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, kwani vikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu, na ndani ya gari lililofungwa jambo hilo ni la hatari kubwa.

Ukituuliza gharama, tulilipa mara mbili kwa mambo ambayo yangelipwa mara moja, kwa sababu tulianza na pambo. Lau tungeanza na tochi ya fundi yule, pengine hata nusu ya fedha isingetoka. Mipira ya milango, mpira wa kifuniko cha injini, gasketi ya bomba na ile beringi ndivyo vilivyoleta faida kubwa. Mwenye fedha chache afanye hivyo vinne, na kava zingoje.

Mwezi uliopita tulimpeleka shangazi Malindi. Tulimkalisha kiti cha pili, mbali na injini na mbali na mlango, naye akanyamaza mpaka tukavuka Mtwapa, nasi tukaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha akamwambia binti yetu, aliyekuwa nyuma yake, apunguze kutafuna karanga kwa kishindo. Tokea hapo hatukupata nafasi ya kusema. Kisa cha arusi kilianza kabla ya Kilifi na kilikuwa bado hakijafika kwenye kesha tulipokuwa tukishusha mizigo. Binti alishuka mzima, akadai chakula.

Mlango wa kusukuma bado unalia gari linapoingia shimoni. Fundi amesema ni kigurudumu chake cha kati kilicholika, na ametuahidi kukitafuta kwa wauza vipuri kuukuu.